Mashine Iliyoitwa Shangazi

Zamani mashine ilikuwa na jina na kosa lilikuwa na mwenyewe. Siku hizi mashine zinazaliwa na kufa makundi kwa makundi bila hata kuitwa, na kosa likitokea linaitwa hitilafu ya mfumo, kisha watu wanasukuma viti vyao na kwenda kula.

Feni alikuwa mtu wa ile zamani. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kazini, katika chumba cha mashine cha shirika la reli, mwaka ambao kiyoyozi kilikufa na mafundi wakawa wanapigiana danadana. Alibeba feni ya mezani kutoka sebuleni kwake, akaiweka mbele ya seva iliyokuwa ikichemka kuliko zote, akavuta kiti na kukaa nayo kama mtu anayeuguza mgonjwa. Wauza tiketi waliendelea kuuza kwenye madirisha yao yote, wala hawakujua kwamba siku hiyo riziki yao inaning'inia kwenye feni ya mtu. Wenzake wakamcheka, wakamwita Feni, jina likanata. Mke wake alilalamika joto wiki nzima, lakini baadaye akawa anajigamba kwa mashoga zake: "Treni zenu zile zilikwenda kwa feni yangu."

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, mlango mzito kama wa jokofu la bucha, na ndani kelele ambazo zilimfanya kila aliyefanya kazi humo azungumze kwa sauti ya juu hata akiwa msibani. Seva zilipangwa kwenye makabati ya chuma, na kila moja ilibandikwa plasta usoni na kuandikwa jina kwa kalamu nene. Kulikuwa na Mkaidi, ambayo ilikataa kuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni. Kulikuwa na Bi Harusi, iliyokuja nyeupe imefunikwa nailoni. Na kulikuwa na Shangazi, iliyotangulia kufika kuliko zote, iliyopiga kelele nyingi na kufanya kazi kidogo, lakini nani angethubutu kuiondoa? Aliyeipokea mashine ndiye aliyeipa jina. Na siku ya kuizima moja kwa moja, aliyebonyeza alitakiwa kulitaja jina hilo kwa sauti, watu wote wasikie nani ameondoka na nani amemwondoa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Ilikuwa adabu tu, na adabu ndiyo ya kwanza kutupwa watu wanapohama.

Wakahama. Wakubwa waliamua kila kitu kiende kwenye wingu. Wingu lenyewe si wingu, ni majumba ya watu wengine huko mbali, yamejaa mashine za chuma zilezile, na wewe unakodishiwa kipande. Hukabidhiwi chuma, unakabidhiwa mashine pepe: kipande cha nguvu kilichomegwa kwenye mashine kubwa, kinachojiona ni mashine kamili. Unaweza kuwa nazo tatu asubuhi na thelathini mchana. Mlangoni anasimama mgawa mzigo, programu ambayo kazi yake ni kumpokea kila mnunuzi na kumwelekeza kwenye mashine yenye nafasi. Watu wakizidi, mashine mpya zinazaliwa zenyewe. Watu wakipungua, zinafutwa zenyewe. Na kila baada ya kitambo mgawa mzigo anapita akiuliza kila moja, "Uko hai?" Ikijibu, "Niko hai," anaiachia watu. Isipojibu, inafutwa na nyingine inazaliwa mahali pake. Mazishi hakuna.

Watu walidhani Feni ataachia ngazi. Hakuachia. Alisoma. Shule aliyopitia iliishia mapema, kwa hiyo maisha yake yote alikuwa amejifunza kutoka kwenye vitabu vya maelekezo, na kitabu cha wingu alikisoma kama alivyosoma vingine, akitembeza kidole chini ya mstari na kusonya kila alipokutana na ahadi. Ndiye aliyekuja kuwafundisha vijana wawili walioletwa kumsaidia. Mmoja alikuwa binti mwenye maneno mengi, mwenye digrii yake safi, ambaye Feni alimwita Chiriku. Mwingine kijana mwenye miguu isiyoisha, mpole mpaka akasirike, aliyeitwa Mrefu. Walipewa chumba cha zamu chenye ukuta wa kioo unaotazama korido, skrini kubwa tatu, birika la umeme, na viti vitatu ambavyo kimoja hakikuwa na gurudumu.

Aliwafundisha kuzisoma grafu, ile mistari inayopanda na kushuka kwenye skrini. Aliwafundisha kwamba mashine pepe ikizaliwa haisimami papo hapo, inahitaji muda wa kujinyoosha, kwa hiyo siku ya msongamano unaziamsha mapema kabla watu hawajafika, si kusubiri zijiongeze zenyewe wakati mlango umeshavunjwa. Chiriku alibisha.

"Lakini mzee, si ndiyo maana ya kujiongeza zenyewe?"

"Wewe ukialika watu, unainjika sufuria wakati wageni wamekaa?"

"Mimi naagiza hotelini."

"Basi hata huko hotelini kuna mtu kaamka kabla yako."

Chiriku akacheka, akaziamsha mapema. Baadaye alifika mahali pa kukadiria vizuri kuliko Feni mwenyewe, zipi ziamshwe na wakati gani, na Feni alikuwa akilisema hilo kwa kila aliyemkuta kwenye ngazi, awe ameuliza au hajauliza.

Kitu kimoja tu hakukiacha. Siku ile ya kwanza kabisa, zilipozaliwa zile za mwanzo huko winguni, kila mashine ilikuja na utambulisho wa herufi na tarakimu zilizomwagwa kama mchele uliopasuka mfuko. Feni aliichukua ile ya kwanza, akafuta takataka ile na kuandika: Shangazi. Kisha, kwa kuwa mfumo ulikuwa na tabia ya kumfutia mashine angali anaichungulia, akaiwekea kufuli. Kufuli hiyo inauambia mfumo: huyu asiguswe, mruke, endelea na wengine. Ilikuwa ya kazi, si ya mapenzi, ndivyo alivyojiambia. Lakini miaka miwili ilipita na kufuli ikabaki, na kila asubuhi, kabla hajavua koti, aliitafuta Shangazi kwenye skrini na kusema, "Umeamkaje?" Mke wake alimtania nyumbani.

"Huyo shangazi yako asiye na mwili, anakula nini?"

"Umeme."

"Basi anatuzidi. Sisi umeme wetu umekatika tangu asubuhi."

Kisha meneja akaja. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ilikaa kichwani zaidi ya machoni, na hakuwa na mazoea ya kuingia chumba cha zamu. Alimwita Feni koridoni, akafunga mlango wa kioo ili vijana wasisikie, ingawa walikuwa wanamwona midomo.

"Mzee Feni, nisikufiche. Kuna kampuni imeleta ombi. Wanasema chumba hiki si cha lazima. Mashine zinajiongeza, zinajipunguza, zikiumwa zinajitibu. Wao wataziangalia wakiwa kwao, kwa programu."

"Na hawa watoto?"

"Mikataba yao inaisha. Siku ya mauzo ya shule ikipita salama, nitakuwa na la kusema mbele ya wakubwa. Isipopita salama, sina mdomo."

Feni mwenyewe hakuwa na la kupoteza. Kiinua mgongo chake kilikuwa kinamngoja, nyumba yake ilikuwa na paa. Lakini aliwatazama wale wawili kupitia kioo, Chiriku akiongea na Mrefu akiitikia kwa kichwa, akajua kwamba chumba hicho kikifungwa, kila alichojua yeye kitakuwa kimefungwa nacho. Aliingia ndani akawaambia yote, neno kwa neno. Hakuwa mtu wa kumficha mtu kaburi lake.

Siku ya mauzo ya shule ni siku moja ambayo nchi nzima inataka viti vya treni, kwa sababu wanafunzi wote wanarudi shuleni juma lilelile. Enzi za madirisha, foleni ilizunguka jengo la stesheni na kurudi kujikuta yenyewe. Watu walikuja na vigoda. Walifahamiana, walioana baadhi yao. Sasa madirisha yamezibwa kwa mbao, panauzwa vocha na maji baridi, na foleni haina miguu wala sura. Ni mstari tu kwenye skrini.

Na mwaka huo, siku chache kabla, behewa la saba la treni kubwa lilionekana lina ufa kwenye ekseli, likachomolewa na kupelekwa karakana. Mrefu akatengeneza toleo jipya la programu ya kuuzia tiketi, lenye ramani ya mabehewa sita, badiliko la kwanza la ramani tangu wahame. Ramani hiyo ilikaa ndani ya kila mashine, kila moja na nakala yake. Jioni kabla ya mauzo mfumo ukaanza kubadilisha: inazaliwa mashine yenye ramani mpya, inafutwa ya zamani, inazaliwa nyingine, inafutwa nyingine, mpaka mwisho wa safu. Ulipofika kwenye ile yenye kufuli, ukairuka kwa heshima kama ulivyoagizwa, ukaandika: imekamilika. Feni alilisoma neno hilo, akachukua koti lake, akaenda kulala.

Asubuhi walikuwa wamekwisha kuziamsha mashine za kutosha. Mauzo yalipofunguliwa, mstari ulipanda kama umechapwa kiboko, mashine zikazaliwa moja baada ya nyingine, mgawa mzigo akagawa, na hakuna mnunuzi aliyesubiri zaidi ya mtu anavyosubiri kikombe kijae. Chiriku alisimama juu ya kiti kibovu akapiga makofi. Mrefu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka. Feni alijimiminia chai na kujifanya mambo hayo ni ya kawaida.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa stesheni, mtu aliyeanza kazi dirishani na ambaye bado aliwachapia tiketi za karatasi wazee waliokuja kuziomba.

"Feni! Nina watu hapa wana tiketi za behewa la saba."

"Behewa la saba liko karakana."

"Unanifundisha mimi? Nimeliona kwa macho yangu limelala halina magurudumu. Kazifundishe hizo mashine zenu."

Feni akakata simu, akawageukia vijana. "Tunauza behewa ambalo halipo."

"Haiwezekani," alisema Mrefu. "Ramani nimeipanga mwenyewe. Skrini zote za kijani, mzee."

"Hata chura ni wa kijani."

Mrefu akafungua simu yake, akajifanya mnunuzi. Mabehewa sita. Akarudia. Sita. Akarudia tena, sita. "Mnaona? Huyo mzee wa stesheni avae miwani." Chiriku naye akajaribu kwa simu yake, mara ya kwanza sita, mara ya pili sita, kisha akapiga ukelele: "Saba! Nimepata saba!" Wote wakamkimbilia. Alipofungua tena, yakawa sita.

Hapo Feni alikaa chini, maana alikuwa ameshaelewa. Lakini hakusema. Alitaka kuona kama wataona.

Chiriku aliiweka simu mezani. "Kama wengine wanapata sita na wengine saba," alisema taratibu, "basi si programu. Ni mashine. Kuna mmoja kati yao anasema yake." Akavuta orodha ya mashine zote kwenye skrini kubwa, akaipanga kwa umri. Karibu mashine zote zilikuwa zimezaliwa jana au leo. Moja, juu kabisa, ilikuwa na miaka miwili. Na pembeni yake, mahali ambapo wenzake walikuwa na herufi na tarakimu zao, paliandikwa Shangazi.

Mrefu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mzee, umeweka kufuli."

"Nimeweka."

"Mgawa mzigo anaiuliza uko hai, inajibu niko hai, anaipelekea watu. Hamuulizi kama anajua leo ni siku gani."

"Hamuulizi."

"Ulisahau?"

"Sikusahau," alisema Feni. "Kila asubuhi naisalimia."

Mrefu alipiga meza kwa kiganja. "Mzee, umetuponza! Siku hii! Kwa sababu ya jina!" Akageukia ukuta, maana hakulelewa kumwangalia mtu mzima kwa macho yale.

Chiriku alikuwa ameshaweka mkono kwenye kibodi. "Niifute sasa hivi?"

"Subiri. Ina watu ndani." Feni akavuta kiti. "Kuna mama humo amejaza majina ya watoto watatu na la nne analiandika. Ukiifuta, anaanza upya, na wakati huo viti vinakwisha."

Akafanya mwenyewe. Alimwambia mgawa mzigo asimpelekee Shangazi mtu mwingine yeyote. Mlango wa kuingilia ukafungwa, wa kutokea ukaachwa wazi. Mashine mpya zikazaliwa kupokea wale ambao Shangazi angewapokea. Wakakaa wote watatu wakitazama mstari wa Shangazi ukishuka, watu wakimaliza na kutoka, mpaka ukalala chini kabisa. Feni aliondoa kufuli. Akaweka kidole kwenye kitufe na kufungua mdomo, na sauti haikuja.

"Shangazi," alisema Chiriku kwa niaba yake. "Kwaheri."

Feni akabonyeza.

Kazi ilikuwa imeanza tu. Mrefu, bila kuagizwa, alizuia viti vilivyobaki kwenye behewa la sita visiuzwe kwa mtu yeyote. Chiriku akatoa majina yote ya waliouziwa behewa la saba na namba zao, wala hawakuwa wachache. "Tuwatumie ujumbe?" aliuliza. "Ujumbe mmoja, wote kwa mpigo."

"Ujumbe unamtumia mtu usiyemwogopa," alisema Feni. "Tuwapigie."

Wakagawana majina, kila mmoja na fungu lake, wakawa wanapokezana kwenye simu mbili za ofisi na moja ya Mrefu. Jina la kwanza kwenye fungu la Feni lilikuwa la mama mmoja aliyenunua viti vya watoto wake.

"Mama, habari za mchana. Nakupigia kutoka shirika la reli, kuhusu tiketi..."

"Tapeli wewe! Namba ya siri sikupi!"

"Siitaki namba, mama. Nataka kukupa viti."

"Hakuna mtu wa reli anayempigia mtu simu. Nimesafiri tangu sijaolewa sijapigiwa hata siku moja."

"Leo tumeanza. Mama, behewa la saba halipo."

"Halipo, limekwenda wapi?"

"Liko karakana."

"Na mmeliuza likiwa karakana?"

"Tumeliuza. Mimi ndiye nimeliuza, kwa uzembe wangu. Nina viti behewa la sita siku hiyohiyo, au kesho yake kukiwa na nafasi zaidi. Chagua."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia kwa mbali. "Haya," alisema yule mama. "Wewe walau unasema. Nipe la sita, na mkubwa umweke dirishani, anatapika."

Waliendelea hivyo hadi jua likageuka. Walitukanwa, walibembelezwa, mzee mmoja aliwasimulia historia ya behewa la saba lilivyokuwa jipya. Chiriku alikauka koo na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaomba mtu mwingine aongee. Ilipofika jina la mwisho, kila aliyeuziwa kiti cha hewani alikuwa na kiti cha chuma na mbao. Meneja alikuwa amesimama koridoni nyuma ya kioo kwa muda ambao hawakuujua, miwani ikiwa machoni.

Kesho yake waliitwa kikaoni. Bwana mmoja wa ile kampuni iliyoleta ombi alikuwepo, kiatu chake kinang'aa kuliko meza. Alisikiliza yote kwa upole, kisha akasema kwamba kwao jambo kama hili hutangazwa kuwa hitilafu ya muda ya mfumo, na wateja huwa hawaulizi zaidi. Chiriku alimkanyaga Feni mguu chini ya meza, kumwambia: shika hapo hapo, mzee, umetupiwa kamba.

Feni alisogeza mguu.

"Mfumo haukukosea," alisema. "Niliuambia usimguse Shangazi, haukumgusa. Na hawa vijana hawakukosea. Mmoja aliliona kosa, mwingine aliokoa viti bila kuambiwa. Kosa ni langu peke yangu."

"Samahani," alisema meneja. "Shangazi ni nani?"

Mrefu alijikuta anacheka, akajificha kwenye leso, na kicheko kikazunguka meza nzima isipokuwa kwa mwenye viatu. Feni naye alisubiri kiishe, kisha akaeleza, mwanzo hadi mwisho, bila kujipunguzia.

Meneja alimgeukia mgeni. "Kwenu, jambo kama hili likitokea, nampigia nani?"

Yule bwana akaeleza kuhusu namba maalumu ya huduma, ambayo ukiipiga unachagua lugha, kisha unabonyeza moja kwa malipo, mbili kwa matatizo ya kiufundi, tatu kurudi mwanzo.

"Kurudi mwanzo," alisema meneja, akaandika kitu.

Majibu yalikuja kabla mwezi haujaisha. Chumba kilibaki. Mikataba ya vijana wote wawili iliandikwa upya, safari hii ya kudumu. Feni aliitwa peke yake, meneja akamwambia kwamba sheria ya shirika anaifahamu, anayeharibu siku ya mauzo hashiki tena funguo za mfumo, hata akiwa nani. Kulikuwa na meza kwenye idara ya mizigo kama angependa.

"Nilikuwepo ilipotungwa sheria hiyo," alisema Feni. "Ni sheria nzuri. Meza mpe mwenye mgongo."

Mke wake alimpokea kwa maswali. Alitaka kujua kwa nini mtu aseme yeye ndiye, wakati kauli ya kumtoa ilikuwa imeshawekwa mezani na mtu mwingine, tena msomi. Feni alivua viatu, akavipanga.

"Ningesema ni mfumo, wangemchukua yule bwana wa kampuni na mfumo wake. Kumbe walitaka mtu."

"Na mtu mwenyewe ndiye wamemfukuza."

"Wana wawili wengine. Nimewafundisha mimi."

Alisema hivyo kwa kiburi kikubwa kiasi kwamba mkewe alishindwa kumwonea huruma, akaenda kuteleka.

Chiriku alimpigia simu baada ya siku chache kumweleza waliyobadilisha. Mgawa mzigo sasa haulizi tu kama mashine iko hai. Anauliza pia ina toleo gani, na ikitaja la zamani haipewi mtu. Na kufuli yoyote inayowekwa lazima iwe na jina la mwenyewe, na inafunguka yenyewe jua likizama. Alieleza kwa woga kidogo, kama anayemwambia mtu kwamba nyumba yake imewekewa mbwa. Feni alimfanya arudie mara mbili. Kisha akawapigia ndugu, jirani na yule mkuu wa stesheni, kuwasimulia kwamba watoto wake wametengeneza kitu ambacho kingemkamata yeye mwenyewe asubuhi na mapema, kabla hajamaliza chai. Hakuna kazi ya mikono yake aliyowahi kuisifu hivyo.

Mrefu hakupiga simu. Kijana alikuwa bado na lake moyoni, na Feni hakumlaumu.

Feni alirudi pale mara moja tu, kurudisha kadi ya mlango ambayo ilikuwa imesahaulika kwenye mfuko wa koti. Hakuchagua siku; aligundua akiwa tayari koridoni kwamba ni siku ya mauzo ya kufunga shule. Mlinzi alitaka kumwitia vijana, Feni akamshika mkono. "Waache. Wana watu."

Alisimama nje ya kioo. Mrefu alikuwa kwenye kiti kisicho na gurudumu, mguu mmoja umekiegemeza kisipinduke, vidole vinakwenda kwenye kibodi. Chiriku alikuwa wima, anaongea, bila shaka anaongea, mkono mmoja umenyooshwa kwenye skrini ambako mstari ulikuwa unapanda, na chini yake mashine zilikuwa zimekwisha kuamka kitambo, zimejipanga, zinangoja. Mstari ukafika juu, ukatetemeka, ukatulia. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuza shingo. Feni alimkabidhi mlinzi kadi, akatazama mpaka mstari ukaanza kushuka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.